Wahoji wawili, viwango viwili: nani kakosea?

Dokta, umeuliza kwa nini mgonjwa mmoja hapo Chake Chake kapewa tatizo la nafsi (la haiba, "personality disorder") "dogo" na mhoji wa kwanza, "kali" na wa pili. Huenda hakuna aliyekosea. Kila mmoja kauliza lake. Tumieni mahojiano yenye maswali yaliyopangwa, kama STiP-5.1: vipengele 12 kuhusu utambulisho, kujiongoza, kuelewa wenzio na ukaribu, kila kimoja alama 0 hadi 4 (alama kubwa, tatizo kubwa).

Jibu la "nikigombana na mke wangu nanuna" lisiwatoshe. Ananuna siku moja au miezi mitatu? Anakula kwake au kahamia kwa mamake? Hapo ndipo 1 inapogeuka 3. Na muhali nao! Mama mtu akikaa pembeni hamtoki na kitu. Mhojini peke yake kwanza, jamaa baadaye kwa ruhusa yake.

Kupima mnavyokubaliana, rekodini kwa idhini, watu 2 watoe alama bila kushauriana, mkokotoe ICC (kipimo cha jinsi alama zao zinavyolingana): chini ya 0.5 ni mbovu, juu ya 0.75 ni nzuri. Ila rekodi moja inawapendelea, maana wote mmesikia majibu yaleyale. Mtihani hasa ni mhoji wa pili kuuliza upya baada ya wiki 1 au 2.

Akiwa na sonona nzito siku hiyo, ahirisheni. ICD-11, mwongozo wa WHO wa kuainisha magonjwa, inataka hali iliyodumu miaka 2 au zaidi, si ya wiki hii.