Barua kwa Mwanangu: Je, Watarudi?

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema chuo chenu cha ufundi huko Makueni kimeelewana na mafundi wa Kamukunji: vijana kumi na wawili waje Nairobi wiki sita wajifunze kazi ya bati na kuchomelea, kisha mafundi wawili wa huku waje kwenu. Halafu ukauliza: "Baba, tukiwaleta Nairobi, kweli watarudi?"

Wengine hawatarudi. Nakuambia mapema usije ukahuzunika. Mimi nilishuka kituo cha Machakos, kile tunachokiita "Airport" kwa mzaha, nikiwa na nia ya kukaa mwaka mmoja. Wewe ulizaliwa Shauri Moyo. Hesabu mwenyewe.

Ila hujaniuliza kwa nini niliondoka nyumbani. Kabla ya Nairobi nilisoma ufundi miaka miwili, mahali ambapo sitapataja. Tulikunja bati kwa mashine ya stima, na kwetu stima haikuwepo hata kwa chifu. Nilirudi na cheti kizuri nikakaa nacho chini ya mwembe. Miezi minane! Kamukunji ndiko nilikopewa nyundo, tindo, mkasi wa bati na kipande cha reli cha kupondea. Wiki tatu za kwanza sikutengeneza kitu. Nilipasua mapipa ya mafuta na kuyanyoosha hadi yawe bapa. Mikono ilivimba, lakini vile vifaa vinne unavifunga kwenye gunia na kupanda navyo basi.

Kwa hiyo pigania hilo kwanza. Waanze kwa mkono, mashine baadaye, na kila mmoja aondoke na vifaa vyake. Kama pesa ya mradi haitoshi, punguza fulana zenye maandishi.

Pili, angalia watakachofundishwa. Ukimwachia fundi wa Kamukunji atawafundisha anachouza: sanduku la mwanafunzi wa bweni, karai, jiko. Ni kazi nzuri, imekusomesha. Lakini sanduku moja mwanafunzi hulitumia hadi amalize shule, na Makueni hamna wanafunzi wa kununua masanduku ya mafundi kumi na wawili. Mlicho nacho ni paa za mabati kwenye kila kilima na mama wa watu anatembea na punda kutafuta maji. Mvua ikinyesha, maji ya paa yanakwenda zake, kwa sababu nyumba nyingi hazina gata. Gata ni bati, futi na mkasi tu. Kijana anayejua kukunja gata isiyovuja kwenye maungio, na kuifunga kwa mteremko unaofaa, hana haja ya kubaki Nairobi akigombania nafasi ya kulala Majengo.

Sasa huyo fundi wa huku atajuaje hayo, kama hajafika kwenu? Ndiyo maana ile safari ya mafundi wawili usiifanye ya kupiga picha na kula mbuzi. Waonyeshwe jembe la plau lililokatika, mkokoteni wa punda uliolika ekseli, na mabwawa ya mchanga yanayotunza maji mtoni. Hao vijana wako nao wana la kufundisha. Mimi hadi leo sijui kubebesha mwembe, kuuunganisha na chipukizi la mwembe mwingine.

Unalijua jiko la mama yako, lile la udongo ndani na bati nje? Wazo lake lilitoka Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kule lilikuwa mfano wa ndoo, udongo hadi chini. Huku likapewa kiuno, udongo ukabaki nusu ya juu tu, chini bati tupu na mlango wa jivu. Wangeliiga lilivyokuja, sidhani kama lingeingia kila nyumba hivi.

Kuhusu tarehe: hapa Kamukunji wangependa waje Novemba, kwa sababu masanduku ya Januari ndipo yanapogongwa na mikono huhitajika. Kataa. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo Wakamba wanaitegemea, na hakuna mzazi atakayekuachia kijana wakati wa kupanda na kupalilia. Walete Agosti. Wakirudi Septemba mwishoni, nyinyi mpandishe gata za kwanza kabla ya mawingu, na wale mafundi wawili waje wakati huohuo. Kwangu hiyo ndiyo hesabu ya watakaorudi.

Masikio! Mama yako ananikumbusha kwa kupiga kelele upande wa kushoto, ambako sisikii tena. Wape vizibo vya masikio siku ya kwanza. Na wa kuchomelea wawe na ngao ya uso; miwani ya jua ya Gikomba si kinga. Wale wasichana wawili kwenye orodha yako, mmoja anaweza kulala kwetu, hata wote kama hawachagui godoro. Mtihani wa gredi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, waandikishwe kupitia chuo, wasiachiwe wahangaike wenyewe.

Rafiki yangu mwenye kibanda karibu na choo cha kulipia amekubali kuchukua wanne. Anataka jibu kabla ya Ijumaa, kwa hiyo nipigie. Na ukija, niletee futi yangu uliyoondoka nayo Pasaka.

Baba yako