Anza na kanzu ya kushona kwa mkono

Mapenzi yangu ya kushona na kuvaa nguo za wanaume wa pwani wa karne ya 19 yalianzia kwenye picha. Ilikuwa picha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyefariki Unguja mwaka 1905, amevaa joho na kilemba. Wengine humtazama uso. Mimi nilitazama mabega ya lile joho na mikunjo yake, nikataka kujua limeshonwaje.

Kama nawe yamekuingia hayo, usianze na joho. Najua linavutia, lakini uzuri wake mwingi uko kwenye sufu nzito na nakshi za uzi wa dhahabu, na hayo hayakufundishi kukata. Anza na kanzu, tena kwa sindano ya mkono. Cherehani itakupitisha haraka mno mahali panapotaka utulie.

Kanzu nyingi za dukani siku hizi hukatwa kwapa la mviringo kama shati. Ya zamani ilijengwa kwa vipande vya kunyooka. Badani ndiyo mwili, mbele na nyuma. Ubavuni huingia taharizi, nyembamba juu na pana chini, ndizo zinazompa mvaaji nafasi ya kupiga hatua. Chini ya mkono huwekwa kikwapa, kipande kidogo cha mraba kinachokaa mshazari. Nakuomba ukiheshimu sana kikwapa! Bila hicho ukinyoosha mkono juu kanzu nzima inapanda. Kikiwepo, pindo linabaki chini pale pale. Shingoni tia kaba, kipande cha kuimarisha, kwa ndani, maana ndipo kanzu inapovutwa kila inapovaliwa na ndipo huanza kuchanika. Ukimaliza kukata utaona mabaki ni machache sana. Waliotunga mkato huu walijua thamani ya kitambaa.

Kitambaa chenyewe kiwe pamba tupu. Napenda marekani, kile kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, isiyopaushwa, kwa sababu ndiyo iliyoenea pwani na bara enzi hizo. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiishusha Unguja, na mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, akafanya mkataba wa biashara na Marekani. Vita vya Wamarekani vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokwamisha pamba, vitambaa vya Uingereza na India vikashika soko. Ukinunua, fua kabla ya kukata. Marekani mpya imejaa wanga na husinyaa.

Kisha ivae. Hapa ndipo nawaona wengi wanakwama: nguo inashonwa, inapigwa picha, inatundikwa. Nguo ya zamani huielewi mpaka umeketi nayo mkekani, umepanda nayo daladala, umeswali nayo. Mwili utakwambia taharizi ni finyu au mkono ni mrefu, na kanzu ya pili utaikata kwa akili nyingine. Tena wazee wakikuona watakuita. Watashika mshono, watageuza pindo, watakueleza baba zao walivyovaa, mambo ambayo hayamo kwenye picha yoyote ya studio ya A. C. Gomes, mpiga picha wa zamani wa Unguja. Sikiliza, shikamoo kwanza, na uandike ukifika nyumbani.

Baada ya kanzu mbili tatu nenda kwenye kizibao, kinachotaka bitana na vifungo. Joho lije mwisho, na livae usiku, harusini, kama mabwana harusi wa Lamu na Unguja wanavyofanya mpaka leo. Mchana litakuchemsha.

Kofia ya viua mwachie mwenyewe fundi wake. Kila tundu dogo huzungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja nzuri hula wiki nyingi za kazi. Usimpunje bei, na kama unaitaka kwa Idi, agiza mapema.