Kipimo cha siku moja hakielezi msimu mzima wa mpunga

SWALI: Mimi ni afisa ugani katika skimu ya umwagiliaji wilayani Mbarali. Tunapanga utafiti wa kupunguza methani, gesi inayoongeza joto duniani, kwa kulowesha na kukausha majaruba kwa zamu, lakini fedha ni kidogo. Je, tukipima gesi siku moja mpunga unapochanua, kisha tukazidisha kwa siku za msimu, matokeo yatakubalika?

JIBU: Hayatakubalika, ndugu yangu, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mipango ya namna hiyo hunifikia karibu kila msimu.

Methani haitoki jarubani kwa kiwango kimoja. Huwa kidogo baada ya kupandikiza miche, kisha huongezeka kadiri tope linavyokosa oksijeni na mpunga unavyochipua, kwa kuwa sehemu kubwa ya gesi hiyo hupitia ndani ya mmea wenyewe. Na maji yanapoondolewa, ile iliyonaswa ardhini hufumuka kwa muda kabla ya kupungua. Hata mguu wa mpimaji una athari: akikanyaga tope karibu na chemba, yaani kisanduku kinachofunikwa juu ya mpunga ili kunasa gesi, viputo hupanda na sampuli huharibika, ndiyo maana tunasimama juu ya ubao.

Kubwa zaidi ni gesi mnayoiacha kabisa. Udongo unaolowa na kukauka, hasa uliotiwa yurea, hutoa naitrasi oksaidi, ambayo kilo moja yake, kwa kipindi cha miaka 100, huipasha dunia joto sawa na takribani kilo 10 za methani. Mtafurahia methani iliyopungua huku sehemu ya faida ikipotelea mahali ambapo hamkupima. Pimeni gesi zote mbili angalau mara moja kwa wiki, tangu kupandikiza hadi kuvuna, na kwa siku kadhaa mfululizo baada ya kutia mbolea au kukausha. Fedha zisipotosha, punguzeni idadi ya mbinu mnazolinganisha, wala msipunguze siku za kupima: mbinu mbili zenye marudio manne zina thamani kuliko mbinu tano zisizorudiwa.

Jaruba la kulinganishia nalo limwagiliwe kama wakulima wanavyomwagilia kweli. Walio mwisho wa mfereji hukaukiwa wapende wasipende. Ukichukulia kwamba mashamba yao hujaa maji msimu mzima, utawahesabia punguzo ambalo halipo. Mwanya huo ndio wanaoutumia madalali wa kaboni, yaani wanaouza punguzo la gesi kama hati, wanaofika vijijini na hesabu zilizokwisha kukamilika, wakiahidi malipo kwa ekari kabla hata chemba moja haijawekwa shambani. Mwaka 2024 Verra, shirika linalosajili miradi ya kaboni, lilikataa miradi 37 ya mpunga nchini China baada ya kuikagua upya. Kikundi chochote kinacholetewa mkataba wa aina hiyo kidai kwanza vipimo vya jaruba la kulinganishia, vya gesi zote mbili, wiki kwa wiki, na asiye navyo asitiliwe saini.