Vigelegele kwa mtu mmoja tu?

Ndugu, umeuliza kwa nini kanisa zima lipige vigelegele kwa mtu mmoja kuokoka, tena mlevi anayejulikana mtaa mzima. Soma Luka 15 taratibu. Mchungaji ana kondoo 100, mmoja kapotea; akimpata anaita majirani wafurahi naye. Sisi Wagogo hilo halihitaji mahubiri: mbuzi akilala porini huku Chamwino, nyumba nzima hailali, na akirudi hakuna anayeuliza kwanza kala shamba la nani (hilo ni la kesho!). Mstari wa 10 ndio unaonigusa zaidi: furaha mbele ya malaika kwa mwenye dhambi mmoja anayetubu. Mmoja. Kwa hiyo waache kina mama wapige muheme, ngoma yetu ya Kigogo, mbinguni walishaanza.