Mpira wa mafuta wa pikipiki ya Boxer unaovuja

Ndugu yangu, umesema petroli inadondoka pale mpira unapoingia kwenye kabureta, na fundi wa hapo Urambo amekufungia waya. Toa waya huo leo. Waya unakata mpira, na petroli ikidondokea injini yenye moto, pikipiki inaweza kuwaka ukiwa juu yake.

Funga koki ya petroli, acha injini ipoe, kisha vua mpira uukunje nchani: ukiona nyufa, sehemu hiyo imekwisha. Kama urefu unatosha, kata ncha iliyokauka, urudishie kwa klipu mpya. Mpira wa tyubu ya gurudumu usiutumie kabisa badala yake, petroli huulainisha.

Ukishuka Tabora mjini kwenye maduka ya spea, beba kipande cha zamani wakupimie tundu. Sisitiza mpira wa petroli, si wa maji.