Kumchagulia kijana chuo cha besiboli

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mwanao, mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) wa miaka 17 anayesoma Minnesota, jimbo la kaskazini, akubali nafasi katika chuo kikubwa cha kusini mwa Marekani au abaki karibu na nyumbani. Wasiwasi wako una msingi, kwa kuwa msimu wa vyuo huanza katikati ya Februari, wakati viwanja vya kaskazini vingali chini ya theluji na vijana wanajifua ukumbini, mpira ukiishia kwenye wavu badala ya kupaa, huku timu zao zikilazimika kusafiri majuma kadhaa kwenda kucheza ugenini kwenye joto. Hapo ndipo vipaji vinapohamia kusini: kuanzia 2019 hadi 2025, kila ubingwa wa vyuo uliochezwa Omaha, mji wa fainali zake, ulichukuliwa na chuo cha SEC, ligi ya vyuo vikubwa vya kusini.

Fedha nazo zimeongeza pengo. Zamani daraja la kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, liliruhusu ufadhili kamili 11.7 tu kwa timu nzima. Tangu 2025, vyuo vilivyoingia mfumo mpya, unaoweka ukomo wa idadi ya wachezaji badala ya ufadhili, vinaweza kuwafadhili wachezaji wote 34 wa kikosi, lakini ni wenye mifuko mizito ndio wanaomudu.

Kwa hiyo, kabla hajatia saini, mwombeni kocha aeleze kwa maandishi atalipiwa sehemu gani ya ada na kwa miaka mingapi, kisha muulizeni ni warushaji wangapi wa mwaka wa kwanza waliopangwa msimu uliopita. Mimi ningempeleka anakoweza kucheza kila wiki, hata kama jezi yake haijulikani.