Barua za marehemu babu: je, tuzipige laminesheni?

SWALI: Tumerithi sanduku la bati lililojaa barua za marehemu babu, nyingi zikiwa kwa hati za Kiarabu. Zinanuka ukungu na baadhi zimegandana. Mpwa wangu anataka kuzipiga laminesheni. Je, ni sawa? – Msomaji, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Mzuieni kwanza kijana huyo. Laminesheni huyeyushia plastiki juu ya karatasi kwa moto, na haibanduki tena bila kuondoka na maandishi. Isitoshe, asidi iliyomo katika karatasi kuukuu hubaki humo ikiendelea kuila. Selotepu pia msiitumie.

Adui wenu ni unyevu. Kuvu huota pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65 kwa muda, na Mombasa kiwango hicho ni cha kawaida, kwa hiyo ifanyeni kazi hii wakati wa kaskazi, kabla masika hayajaingia. Zitandazeni barua kivulini, juu ya karatasi nyeupe, feni ikielekezwa ukutani. Jua hufifisha wino. Ukungu ukishakauka ukawa vumbi, upanguseni nje ya nyumba kwa brashi laini, mkiwa mmevaa barakoa. Zilizogandana msizilazimishe wala msizitie maji, kwani wino wa kalamu za kujaza huchuruzika papo hapo. Waulizeni wahifadhi wa Makumbusho, pale Fort Jesus. Pini zenye kutu zitoeni, lakini bahasha msizitupe: muhuri wa posta mara nyingi ndio pekee unaotaja mwaka.

Baadaye zitieni katika maboksi ya kadibodi isiyo na asidi, juu ya rafu iliyo mbali na ukuta wa nje, maana kuta za mawe ya matumbawe hufyonza maji. Sanduku la bati hutoka jasho ndani.

Hata hivyo, mimi ningeanza na mtu wa kuzisoma barua kabla ya boksi. Hati hizo zinapoandika Kiswahili mara nyingi hazitofautishi b na p, wala o na u, hivyo anayeijua familia ndiye atakayekisia sawasawa. Mtu kama huyo ana thamani kubwa: mashairi mengi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa, tunayo kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliwahi kuyakusanya katika karne ya 19. Ipigeni picha kila barua pande zote mbili, kisha mzee wa familia azisome kwa sauti mkimrekodi kwa simu, na majina anayoyataja yaandikwe kwa penseli juu ya jalada la kuhifadhia barua, si juu ya barua yenyewe. Nakala za picha na sauti zikae katika nyumba mbili tofauti.